Kafa Ulaya, Kavaliwa Moshi

Mwulize mtu wa Moshi mbele ya watu anaionaje mitumba. Atakwambia inaua viwanda vyetu, na ataeleza vizuri. Ukimwuliza shati alilovaa kalitoa wapi, atacheka. Memorial, soko la mitumba.

Cheko hilo limeanza kabla ya mitumba. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini, nafasi yake ikachukuliwa na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mkutanoni siasa hiyo ilipigiwa makofi. Miaka michache baadaye rafu zilikuwa tupu, na sabuni ikawa bidhaa ya foleni. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, lakini sabuni na mafuta ya kupikia ya Kenya yaliendelea kuingia kwa njia za panya za Rombo na Holili. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowageukia wahujumu uchumi, wengi walimshangilia kwa moyo kabisa, huku mche wa sabuni wa magendo ukiwa umefichwa uvunguni.

Mwaka 1984 serikali ililegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa. Mwaka uliofuata akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na mabelo ya mitumba yakamiminika. Watu waliziita nguo hizo kafa Ulaya, kana kwamba zimevuliwa maiti ya Mzungu. Jina lilikuwa la dharau, lakini halikumzuia mtu kununua.

Hapa mlima nao una neno lake. Viwanda vyetu, Urafiki ya Dar es Salaam, Mwatex ya Mwanza na wenzao, vilifuma pamba: khanga, vitenge, mashuka. Mtu wa Machame au Marangu akiamka mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, kitenge hakimfai kitu. Anataka sweta la sufu na koti zito, na hivyo vilikuwa ndani ya belo. Wapagazi ndio usiseme. Koti lililovaliwa kwenye theluji ya Ulaya likaletwa Moshi, likauzwa kwa kuchambuliwa, kisha likapanda tena kwenye baridi ya Kibo likiwa mgongoni mwa kijana aliyebeba mzigo wa mtalii. Huyo utamlaumu kwa kukosa uzalendo?

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha, mwendo mfupi tu kutoka hapa, wakakubaliana kuiondoa mitumba ya nguo na viatu ifikapo 2019. Ushuru ukapandishwa kutoka senti 20 za dola hadi 40 kwa kilo. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zililegea. Rwanda iling'ang'ania, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru katika soko la Marekani.

Wapo wanaouita mwenendo huu unafiki wa mnunuzi. Mimi sikubali. Anaposema anataka viwanda anasema kweli, maana mwanawe anahitaji ajira. Anapoinama juu ya rundo la viatu anasema kweli pia, maana mwanawe huyohuyo anahitaji kiatu Jumatatu. Maoni hayamgharimu shilingi, kiatu kinamgharimu.

Ndiyo maana nakitazama kwa makini kiwanda cha ngozi cha Karanga, ubia wa Magereza na mfuko wa PSSSF, kilicho hapahapa Moshi na kinachoshona viatu vya ngozi halisi. Uzalendo wa mnunuzi kisiutegemee. Mpinzani wake yuko Memorial, katika mji uleule, na siku ya kufungua belo watu hufika mapema, kwa sababu kamera, yaani vipande bora vya belo, huondoka na waliowahi.