Manfaa na Shina: Istilahi ya Haki juu ya Ardhi ya Mwingine

Sheria ya Warumi ilikuwa na haki iliyoitwa ususfructus, jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kilatini, usus, yaani kutumia, na fructus, yaani matunda. Ilikuwa ni haki ya mtu kuitumia mali ya mwenzake na kuchukua mazao yake, kwa sharti kwamba mali yenyewe ibaki salama. Haki hiyo ilikuwa na kazi kubwa katika mirathi, kwa kuwa mume aliyetaka mjane wake asikose riziki, na papo hapo akataka shamba liwafikie watoto, aliweza kumwachia mke matunda kwa wasia na kuwaachia watoto umiliki.

Tafsiri inayomjia haraka mwandishi wa Kiswahili ni "haki ya matumizi", lakini haitoshi. Mpangaji anayo haki ya matumizi, na hata jirani aliyeazimwa jembe kwa siku moja anayo. Neno hilo halisemi mazao ni ya nani wala haki inadumu mpaka lini. Tanzania ina tatizo jingine, kwa kuwa huko ardhi yote ni ya umma, imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini, na anachopewa mwananchi chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi hiyo, iitwayo hakimiliki. Anayeitwa mmiliki tayari ni mtumiaji, na "haki ya matumizi" haimtenganishi na mjane anayekula mazao tu. "Haki ya maisha" nayo inapotosha zaidi, kwani msikilizaji hudhani inazungumzwa haki ya kuishi iliyomo katika katiba, wakati kinachokusudiwa ni haki inayokoma mwenyewe anapokufa.

Neno linalofaa limekuwamo katika Kiswahili siku nyingi kupitia fiqhi, nalo ni manfaa. Wanazuoni wa Kiislamu hutenga manfaa ya kitu na raqaba yake, neno la Kiarabu lenye maana ya shingo, yaani kitu chenyewe. Mtu anaweza kuusia kwamba fulani akae katika nyumba yake au ale nazi za minazi yake kwa miaka kumi, wakati nyumba na minazi vikibaki kwa warithi, mradi wasia huo usizidi theluthi ya mali. Kwa hiyo "haki ya manfaa" hubeba matumizi na matunda kwa pamoja. Kwa upande wa pili, yaani wa kile kinachobaki kwa mwenye mali, "umiliki mtupu", kama Kilatini kilivyousema, unasikika kana kwamba mwenye mali hana kitu. Makala haya yanapendekeza "shina", na sababu yake inaonekana vizuri kwenye kibanja cha Mhaya.

Kibanja ni shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, na mara nyingi ndimo yalimo makaburi ya wazee. Anayevuna mkungu huukata mgomba ulioubeba, kwa kuwa hautazaa tena, lakini shina hubaki ardhini likitoa machipukizi, na shamba likitunzwa huweza kuishi kuliko aliyelipanda. Mwenye manfaa hula mkungu. Akiling'oa shina, amevuka mpaka wa haki yake. Warumi waliuchora mpaka huohuo kwa mifano yao: mwenye manfaa ya kundi la kondoo alipaswa kuziba nafasi za waliokufa kwa wana waliozaliwa, na mti uliokufa alipaswa kupanda mwingine mahali pake. Matunda aliyokwisha kuyachuma yalikuwa yake kabisa, lakini yaliyokuwa bado mtini siku ya kufa kwake yalikwenda kwa mwenye mti, wala warithi wa mwenye manfaa hawakuwa na dai juu yake. Kwa kanuni hiyo, kahawa iliyoanikwa uani ni ya marehemu, na iliyo mbichi mtini si yake.

Ni katika kibanja pia ndipo haki hii imeleta uchungu. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali namba 436, zilimruhusu binti kupata ardhi ya ukoo kwa manfaa ya maisha yake tu, bila uwezo wa kuiuza, maadamu mwanamume wa ukoo yupo. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba, aliyerithi shamba kwa wasia wa baba yake, aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumnyima binti uwezo ambao mwanamume wa ukoo anao ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Kwa maneno ya makala haya, kosa la kanuni ile lilikuwa kugawa manfaa kwa mabinti na shina kwa wana, kwa sababu ya jinsia tu. Haki ya manfaa yenyewe haikuwa na kosa.

Mjane yuko mahali tofauti kwa kila sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, humpa mwenzi aliyefiwa akiwa na watoto haki ya manfaa ya maisha juu ya mali inayosalia baada ya vyombo vya nyumbani, na hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama. Kifungu kilivyoandikwa, haki ya mwanamke hukoma akiolewa tena, sharti ambalo mwanamume hakuwekewa. Sheria ya Familia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyochukua neno la Kifaransa usufruit, humwachia mwenzi manfaa ya nyumba waliyokaa na samani zake, pamoja na nusu ya manfaa ya ardhi inayoizunguka iliyokuwa ikilimwa na mkaaji wa nyumba. Mjane wa Kiislamu wa pwani hapewi manfaa kwa fungu lake la mirathi: thumni akiwa marehemu ameacha watoto, au robo akiwa hakuacha, ni sehemu ya shina lenyewe, naye ana ruhusa ya kuiuza.