Tom Robinson na lebo mbili: alichokipata na kilichomgharimu kusema ukweli

Msanii akisema hadharani kwamba yeye ni shoga, majibu huwa mawili tu. Kuna wale watasema, "Huyo amejimaliza." Na kuna wale watasema, "Anatafuta kiki." Cha ajabu, mtu mmoja anaweza sema yote mawili siku moja na asione shida. Sasa kama ukweli unakumaliza, hiyo ni kiki gani? Na kama ni kiki, mbona hatuoni wasanii wamepanga foleni?

Badala ya kubishana hewani, twende kwa historia. Kuna Mwingereza anaitwa Tom Robinson, mwimbaji wa roki na mpiga gitaa la besi, ambaye alifanya hiyo kitu mwaka wa 1978, wakati wazazi wa wengi wetu walikuwa watoto ama hata hawajazaliwa. Hakumalizwa. Lakini pia hakuvuna vile unaweza fikiria. Ukimfuata toka mwanzo unaona maisha yake yote alishindana na lebo za aina mbili: ile inayotoa muziki wako, na ile ambayo watu wanakubandika mgongoni. Ya kwanza unaweza anzisha yako. Ya pili ndiyo ngumu.

Tom alizaliwa Cambridge mwaka wa 1950. Akiwa shule alimpenda kijana mwenzake. Elewa ni miaka gani hiyo. Hadi 1967, sheria ya Uingereza ilikuwa inamfunga mwanaume aliyelala na mwanaume mwenzake, hata kama wote ni watu wazima, wamekubaliana, na mlango umefungwa. Na ilipobadilishwa mwaka huo, ilibadilishwa nusu: England na Wales pekee, faraghani, na lazima wote wawe wamefika miaka 21. Scotland walingoja hadi 1980. Ireland ya Kaskazini, 1982.

Kwa hivyo kijana wa miaka 16 hakuwa na mtu wa kumwambia. Alijaribu kujiua. Akanusurika, na akapelekwa Finchden Manor, makao ya vijana waliolemewa huko Kent, ambako alikaa miaka sita. Pale ndipo alikutana na Danny Kustow, kijana mwingine aliyekuwa akipiga gitaa. Pale pia ndipo Alexis Korner, mwanamuziki wa blues ambaye mwenyewe aliwahi kuishi hapo, alikuja kuwatembelea na kuwapigia gitaa. Mtu mmoja, gitaa moja, na chumba kizima kinamsikiliza. Tom akajua hiyo ndiyo kazi anataka.

Mwaka wa 1973 akahamia London. Bendi yake ya kwanza kule, Café Society, ilichukuliwa na Konk, lebo ya Ray Davies wa The Kinks. Ukisikia hivyo unadhani mambo yameiva, sivyo? Albamu yao ya 1975 iliuza nakala 600 hivi. Mia sita! Kuna watu wana wafuasi wengi kuliko hao kwa ile akaunti yao ya siri.

Lakini London ilimpa kitu kingine ambacho Konk haingeweza kumpa: watu kama yeye. Kulikuwa na Gay Switchboard, laini ya simu iliyoanza 1974, ambapo mtu aliye peke yake usiku angepiga na kupata mtu wa kuongea naye. Tom alijitolea kufanya kazi huko. Fikiria tu: yule kijana ambaye miaka michache nyuma hakuwa na wa kumpigia, sasa ndiye anashika simu.

Mwaka wa 1976 aliandika wimbo wa kuimbwa kwenye maandamano ya mashoga jijini London. Aliuita "Glad to Be Gay", yaani nafurahi kuwa shoga. Usidanganywe na jina, si wimbo wa furaha. Ni wimbo wa hasira. Unaongelea polisi wanaovamia baa bila sababu, magazeti yanayojifanya masafi, na watu wanaopigwa barabarani. Halafu unawageukia mashoga wenyewe, wale waliojipatia starehe zao na kunyamaza, na kuwauliza wanafanya nini kuhusu hayo yote.

Na neno lenyewe lina historia. Pwani yetu, wanawake marafiki wameitana "shoga" tangu zamani, neno la mapenzi kabisa. Huku bara limegeuzwa jiwe la kurushia watu. Alichofanya Tom ni kuokota jiwe kama hilo la Kiingereza, kulishika mkononi, na kuliweka kwa kiitikio ili ukumbi mzima uimbe. Ukishaimba neno na watu mia tano, haliwezi tena kukuuma vile lilikuuma ukiwa peke yako.

Mwaka huohuo alienda kuwaona Sex Pistols, akaachana na Café Society, na akaunda Tom Robinson Band. Danny Kustow wa Finchden ndiye aliyeshika gitaa. Hapa kuna funzo la kwanza, na watu wengi wanalisahau. EMI, moja ya lebo kubwa zaidi duniani wakati huo, iliwasaini, na ngoma ya kwanza waliyotoa haikuwa ile ya mashoga. Ilikuwa "2-4-6-8 Motorway", ngoma tamu ya madereva wanaokesha barabarani. Ilifika nambari 5 Oktoba 1977. Baada ya hapo ndipo, Februari 1978, "Glad to Be Gay" ikatoka ndani ya EP ya nyimbo nne zilizorekodiwa jukwaani.

Kwa hivyo usiambiwe EMI ilikuwa na moyo mkubwa. EMI ilikuwa na hiti. Mlango uliachwa wazi kwa sababu kulikuwa na pesa zinapita.

EP ilifika nambari 18. Sasa BBC Radio 1 walikuwa na shida: ndio wanaocheza chati, na wimbo uko kwa chati. Walifanya nini? Walichukua EP ileile na kucheza wimbo mwingine, "Don't Take No for an Answer". Watu wakasikia nambari 18 bila kusikia kilichoifikisha huko. Lakini John Peel, mtangazaji wa usiku kwenye stesheni hiyohiyo, aliucheza. Na wasikilizaji wa Capital Radio ya London walipopewa nafasi ya kupiga kura, waliuweka nambari moja wiki sita mfululizo. Wakubwa walisema watu hawako tayari. Watu walikuwa wamepiga simu kitambo.

Sisi tunajua hiyo movie. Mwaka wa 2016 bodi yetu ya filamu ilipiga marufuku video ya remix ya "Same Love" ya Art Attack, na ghafla kila mtu Nairobi alitaka kuiona.

Halafu kuna kitu kuhusu Tom ambacho wengi hawataji. Miaka hiyo chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa kinakua Uingereza, na moja ya vitu kilichotumia kuwatisha watu ni Waasia waliotoka hapa kwetu: walioondoka Kenya mwaka wa 1968, na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka wa 1972. Mwaka wa 1976, baada ya Eric Clapton kutoa maneno ya ubaguzi akiwa jukwaani Birmingham, wanamuziki na wanaharakati walianzisha Rock Against Racism. Tarehe 30 Aprili 1978 waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi bustani ya Victoria Park. Makadirio ya umati ni watu 80,000 hadi 100,000. The Clash walipiga, Steel Pulse wakapiga, X-Ray Spex wakapiga. Bendi kubwa ya siku ilikuwa ya Tom.

Shoga mmoja, mzungu, mbele ya umati huo, akiwasimamia Weusi na Waasia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wale wanaokuja kwa jirani leo watakuja kwako kesho. Mwezi uliofuata albamu yao, "Power in the Darkness", ikaingia nambari 4.

Ingekuwa movie, tungeishia hapo. Lakini mwaka uliofuata kila kitu kilianguka. Albamu ya pili, iliyotengenezwa na prodyuza Mmarekani Todd Rundgren, haikupokelewa kama ya kwanza, na bendi ikavunjika 1979. Tom akaunda nyingine, Sector 27, safari hii chini ya lebo yake mwenyewe, Panic. Waliwahi kufungulia The Police jukwaa Madison Square Garden, New York. Ukumbi mkubwa, mfuko mtupu. Wasimamizi wao waliporomoka kifedha, bendi ikaisha, na Tom akavunjika moyo na akili pia. Akahamia Hamburg, Ujerumani, akiwa na madeni, akiishi chumba cha rafiki.

Wale wa "amejimaliza" wangesherehekea hapa. Tatizo ni kwamba ushoga wake haukuwa ndio uliomwangusha. Alianguka kwa sababu zilezile zinaangusha wasanii kila siku: albamu ya pili, bendi kugombana, pesa kusimamiwa vibaya.

Akiwa Ujerumani, nchi iliyokatwa na ukuta katikati, aliandika "War Baby". Aliitoa 1983 kwa lebo yake ileile, Panic. Bila EMI. Ilifika nambari 6 Uingereza, karibu sawa na hiti yake ya kwanza. Hilo ndilo jibu kwa lebo ya aina ya kwanza: kuwa na yako si rahisi, unalipia studio, unalipia nakala, unabeba hasara peke yako, lakini hakuna mtu atakuambia wimbo gani ufichwe.

Sasa tuje kwa lebo ya pili. Mwaka wa 1982, kwenye sherehe ya kuchangia Gay Switchboard, alikutana na mwanamke. Wakapendana, wakapata watoto, baadaye wakaoana. Magazeti ya udaku yaliruka juu: shoga maarufu wa Uingereza ana mpenzi wa kike! Wale waliomchukia wakasema, mnaona, ilikuwa kiki tangu mwanzo. Hiyo ungeitarajia. Kilichouma ni upande wa pili. Baadhi ya mashoga waliokuwa wakiimba naye wakamwita msaliti.

Yaani msee alipigania haki ya kusema anampenda nani, halafu akaambiwa anayempenda hafai. Angeweza kumficha. Angeweza kukana ujana wake na kuwa mpenzi wa magazeti. Hakufanya hata moja. Aliendelea kuuimba ule wimbo, akibadilisha beti kadiri zama zilivyobadilika, na baadaye akasema wazi kwamba yeye ni mtu anayeweza kupenda wanaume na wanawake. Kama 1978 alikuwa anasema ukweli wakati ukweli ulimpa umati, sasa alikuwa anausema wakati unampunguzia umati. Kwangu mimi huu wa pili ndio ujasiri mkubwa zaidi, ingawa hakuna mtu aliupigia kura redioni.

Na BBC je? Mwaka wa 2002 ilianzisha stesheni mpya, 6 Music, na mmoja wa watangazaji wake alikuwa Tom Robinson. Shirika lililoruka wimbo wake likampa maikrofoni. Aliitumia vizuri. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kusikiliza nyimbo za wasanii wasio na lebo na kuzipeleka hewani, na akaanzisha Fresh On The Net ili msanii yeyote aweze kutuma ngoma yake bila kujuana na mtu. Yeye mwenyewe alirudi na albamu mwaka wa 2015, karibu miaka 20 baada ya ile iliyotangulia.

Najua kuna mtu anasema hizo ni hadithi za wazungu, hapa ni Kenya. Sawa, tuongee Kenya. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni yetu ya Adhabu, vyenye vifungo vya hadi miaka 14 na mitano, vililetwa na mkoloni. Vina undugu na sheria ya Kiingereza ya 1885, ileile iliyomfunga mwandishi Oscar Wilde. Waingereza walianza kuitupa yao 1967. Sisi, tarehe 24 Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Kwa hivyo kijana wa miaka 16 hapa Nairobi, mwenye gitaa na siri, anaishi karibu na 1966 ya Tom kuliko anavyoishi karibu na 2002 yake.

Ndiyo maana siwezi kumwambia huyo kijana "jitangaze, mambo yatakuwa sawa." Tom alikuwa na hiti mkononi na sheria iliyolegea nusu, na bado ilimgharimu. Usalama wako kwanza. Kama huna hata mtu mmoja wa kuongea naye, mtafute huyo kabla ya kutafuta umati. Umati unakuja na kwenda. Tom aliokolewa na watu wachache ndani ya nyumba moja Kent, kabla dunia haijamjua.

Na kwetu sisi wasikilizaji, tuache kuuliza kama msanii ameisha ama anatafuta kiki. Tuulize ngoma ni kali ama si kali, na kama ni kali, tuicheze yote. Tusiruke kwenda wimbo mwingine.