Kula Vibichi na Unene wa Mwili: Funzo la Mlima Kilimanjaro

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia matunda mitini na maziwa katika matumbo ya wanyama, akatupa na moto wa kupikia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, hapa Moshi, alinijia mama mmoja niliyemsomesha Kurani alipokuwa mtoto. Alikuwa na mas-ala ya tohara. "Maalim," akaniambia, "binti yangu ana miaka 19, hajaolewa, na huu ni mwezi wa nne hajaona hedhi. Sala yake ina hukumu gani?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa: asiyeona damu yuko tohara, na sala na saumu zinamlazimu. Lakini sikumwacha aende zake. Nikamwuliza, "Mtoto anaumwa?" Akasema, "Haumwi, Maalim, ila anapunguza mwili. Tangu Mfunguo Mosi hali kitu kilichopita motoni. Ni matango, karoti, mapapai na kabichi mbichi basi."

Nikamwambia aje naye kesho yake. Binti akaja, amejifunika vizuri, lakini mikono yake imekuwa kama vijiti vya mswaki. Ni mtoto mwenye akili na adabu, na alikuja na hoja zake mbili. "Babu," akasema, "wazee wa huku mlimani walikula vitu vya asili, vibichi, ndiyo maana hawakuwa na matumbo. Na Mtume mwenyewe alikula tango na tende bila ya kupika."

Ndugu msomaji, hoja hizi mbili si za kupuuzwa, wala si za binti huyu peke yake. Siku hizi wako wengi majumbani mwetu, Moshi, Tanga, Mombasa na Unguja, wanaoamini kwamba moto ndio adui wa mwili. Basi na tuzitazame moja baada ya moja, kwanza kwa tarikhi, kisha kwa Sunna.

Tuanze na mlima. Watu wa pwani waliujua Kilimanjaro kabla ya Wazungu. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima ule na theluji yake tarehe 11 Mei 1848, aliyekuwa akimwongoza njia ni Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua safari ile. Misafara yetu ilipanda huko kutafuta pembe, na ilikuta nchi ya neema: migomba imeshonana, mifereji ya maji waiitayo mifongo inateremka kutoka msituni, na ng'ombe wamefungwa ndani wakiletewa majani.

Je, watu wale walikula nini? Chakula chao kikuu kilikuwa ndizi, na ndizi yenyewe ni ya kupikwa. Mshare mbichi hauliwi. Ukiutafuna utakukaza kinywa. Ndizi hupikwa na nyama zikapondwa zikawa mtori, au huchanganywa na maharage zikawa kiburu. Maharage nayo hayaliwi mabichi, yana sumu inayoondoka kwa kuchemshwa sana. Hata sisi wa pwani twajua mambo ya muhogo mchungu. Kwa hiyo chungu kilikuwa kikitokota katika kila kihamba, kutoka Machame na Kibosho hata Marangu na Rombo. Aliyesema wazee wa mlimani waliishi kwa vibichi hakupata kukaa jikoni kwao.

Ni kweli kwamba vilikuwako vibichi. Kulikuwa na ndizi mbivu, asali na maziwa. Na kulikuwa na damu, iliyotolewa katika shingo ya ng'ombe aliye hai, ikachanganywa na maziwa, na hasa akapewa mzazi ili arudishe nguvu. Hiyo kwetu haina mjadala. Damu yenye kumwagika imeharimishwa kwa nassi ya Kurani, katika Suratul Maida na Suratul An'am. Basi tazama, ewe mwenye akili: kuwa kitu ni kibichi na cha asili hakukifanyi kuwa chema. Waislamu wa mlimani waliiacha damu, wakaacha na pombe ya mbege, wakabaki na mtori wao na maziwa yao, na hawakupungukiwa na kitu.

Tena wazee wale hawakuwa wakitafuta wembamba. Mwanamke akizaa alifungiwa ndani kiasi cha miezi mitatu, akilishwa mtori, maziwa na mafuta, na akitoka amenenepa ilikuwa fahari ya mume na ya mama mkwe. Sisi nasi tuna arobaini yetu na uji wetu wa pilipili manga. Kwa wazee wa mlimani na wa pwani, kunenepa kulikuwa ni kunawiri, na kukonda kulikuwa ni msiba.

Mbona basi hawakuwa na matumbo? Jawabu limo miguuni mwao, halimo chunguni. Ng'ombe aliyefungwa ndani hula majani, na majani yalikuwa chini, katika nchi ya joto. Mwanamke aliteremka asubuhi, akakata, akajitwika mzigo kichwani, akapanda nao mlima. Mifongo ilichimbwa na kuzibuliwa kwa mikono ya wanaume. Kwenda sokoni ni kupanda na kushuka. Mwenye kufanya hayo kila siku angekula mtori sahani mbili na mwili usingebaki nao.

Kisha dunia ikageuka. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa ikaenea vihambani, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ikaingia mikononi, na penye fedha pana duka. Katika miaka ya 1930 mashamba ya miwa yakaanzishwa Arusha Chini, kusini ya mji, na sukari ikawa jirani. Chai ya sukari, mkate mweupe na maandazi vikaingia asubuhi ya watu. Baadaye gari likachukua nafasi ya miguu, na kiti kikachukua nafasi ya jembe.

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 1996 na 1997 watafiti walilinganisha watu wazima wa kijiji cha Shari, wilaya ya Hai, na wa Ilala, Dar es Salaam. Kijijini wenye kisukari walikuwa 1.7 katika kila wanaume mia, na 1.1 katika kila wanawake mia. Mjini walikuwa 5.9 na 5.7. Watafiti hao walitaja unene, kukaa bila ya kazi ya mwili, na maisha ya mjini. Watu wa Shari hawakuwa wala vibichi. Ni watu wa chungu kama sisi.

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza. Sasa tuje kwenye Sunna. Ni sahihi kabisa kwamba Mtume (S.A.W.) alikula tango pamoja na tende mbivu zisizokaushwa, wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini binti yetu alisoma nusu ya ukurasa. Katika vitabu vya Abu Daud na Ibn Majah imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba mama yake alitaka anenepe kabla ya kupelekwa nyumbani kwa Mtume. Akamlisha hiki na kile, isifae kitu, mpaka alipolishwa tango na tende mbivu, ndipo aliponenepa unene mzuri. Subhanallah! Chakula kile kile anachokitolea ushahidi wa kukondesha, mama wa Waumini alikitumia kunenepea.

Hapa pana ilimu kwa mwenye kuzingatia. Ubichi haukondeshi wala moto haunenepeshi. Tende, asali, ndizi mbivu, parachichi na nazi zote huliwa bila ya kupikwa, na mwenye kuzila bila ya kiasi atanenepa. Tango na mchicha hujaza tumbo kwa nguvu kidogo. Mwenye kula hivyo peke yake atakonda, kisha atapita kukonda aingie katika kudhoofika.

Wala jambo hili si geni duniani. Huko Zürich, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 19, daktari Maximilian Bircher-Benner aliwatibu wagonjwa kwa matunda na mboga mbichi, na wengi wakamfuata. Mjerumani August Engelhardt alivuka mpaka kabisa. Mwaka 1902 alihamia kisiwa kidogo cha Kabakon katika bahari ya Pasifiki, akadai kwamba nazi peke yake yamtosha mwanadamu. Sisi watu wa minazi tungemwambia nazi huenda na wali na samaki! Alikonda, akaugua hata akalazwa hospitali, na akafa mwaka 1919.

Na mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, walitoa habari za watu 513 walioshika kula vibichi kwa muda mrefu. Kwa wastani wanaume walikuwa wamepungua karibu kilo 10 na wanawake kilo 12. Lakini robo ya wanawake walikuwa wembamba kupita kiasi cha afya, na kiasi cha 30 katika kila mia ya walio chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekatika. Nilipomsomea binti maneno hayo alinyamaza, na mama yake akainamisha kichwa. Mas-ala yao ya tohara yalikuwa yamepata jawabu la pili.

Basi mwenye kutaka kupunguza mwili afanyeje? Kwanza ashike aya ya Suratul Aaraf inayotuamrisha kula na kunywa bila ya kufanya israfu, na hadithi ya theluthi tatu: moja ya chakula, moja ya maji, moja ya pumzi. Wali wa nazi si haramu, bali sahani ya pili ndiyo yenye maneno. Mahamri si haramu, bali kuyala kila asubuhi na chai ya vijiko vinne ndiko kunakotuua. Futari zetu za Ramadhani tuzitazame upya, maana wapo wanaofunga mwezi mzima wakatoka wamenenepa.

Pili, kachumbari, tango na matunda viwepo kila siku, vimeoshwa kwa maji safi, viwe pamoja na chakula kilichopikwa. Ama maziwa na yachemshwe, kwani katika mabichi imo homa ya mifugo, na nchi hii ya kaskazini inaijua. Tatu, tutembee. Kwenda msikitini kwa miguu kuna thawabu katika kila hatua, na faida ya mwili juu yake. Nne, aliyekatikiwa na hedhi, anayeona kizunguzungu au mwenye maradhi, aende kwa daktari. Na wenye kuwacheka mabinti zetu kwa miili yao, wamche Mungu. Kwani nilipomwuliza binti huyu nani aliyemwambia amenenepa, alinitajia shangazi yake, harusini, mbele za watu.

Mwili ni amana. Hatuna ruhusa ya kuujaza mpaka uugue, wala ya kuunyima mpaka uanguke, na nafsi yako ina haki juu yako.

Mama yule alinijia tena mwezi wa Rajabu. Safari hii hakuwa na mas-ala. Alileta bakuli la mtori, limefunikwa kawa, na tango limekatwa pembeni. "Amepika mwenyewe," akasema, "na amekula kabla yako, Maalim." Nikamhimidi Mola wangu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kiasi katika kula kwetu na siha katika miili yetu, na awahifadhi mabinti zetu. Amin.

Wabillahi taufiq.