Meno ya mtoto huanza tumboni: yanayoitwa "meno ya plastiki" ni nini hasa?

Mtoto wa miezi mitano anaharisha, ana homa, hanyonyi vizuri. Bibi au jirani anamfungua kinywa, anapitisha kidole kwenye ufizi na kukuta sehemu imevimba, nyeupe kidogo, pale ambapo jino la chonge litaota. "Huyu ana meno ya plastiki," anasema. "Yasipotolewa hatapona." Wengine huyaita meno ya nailoni. Hapa Zuzu maneno hayo bado nayasikia kliniki. Mara nyingi mama ananiuliza kwa sauti ya chini, na ameshaelekezwa kwa mtu wa kuyatoa.

Kabla hujampeleka, soma kwanza jinsi meno yanavyotengenezwa.

Kazi inaanza mapema

Karibu wiki ya 6 tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu hatujafika kliniki hata mara moja, ngozi laini ya ndani ya kinywa cha mtoto huzama kidogo kwenye taya na kufanya utepe unaofuata umbo la taya, juu na chini. Kwenye utepe huo huchipua vichipukizi 10 juu na 10 chini. Hayo ndiyo meno 20 ya utoto. Mwezi wa tatu ukiisha, vyote vimeshakaa mahali pake.

Kichipukizi huanza kama kifundo kidogo, kisha hufanana na kofia, kisha kengele. Ndani ya kengele hiyo kuna chembechembe za aina mbili zilizokaa zikitazamana. Za ndani hutengeneza dentini, ile sehemu ya kati ya jino. Za nje hutengeneza enameli, ile sehemu nyeupe ngumu ya juu. Ni kama mafundi wawili wanaojenga ukuta mmoja: wanaanza pale walipogusana, halafu kila mmoja anarudi nyuma upande wake huku akiongeza udongo. Fundi wa enameli akimaliza kazi hufa, harudi tena. Ndiyo maana enameli ikiharibika mwili hauwezi kuitengeneza upya.

Mpaka hapo jino bado ni laini. Madini ya kulifanya gumu huanza kuwekwa mwezi wa nne wa mimba, meno ya mbele yakitangulia na magego ya nyuma yakija mwisho. Yanaanzia kwenye ncha ya jino na kushuka taratibu. Siku mtoto anapozaliwa, kichwa cha jino la mbele kabisa kinakaribia kukamilika. Jino la chonge liko nyuma sana: ni kama theluthi moja tu ya kichwa chake iliyokuwa ngumu. Linaendelea kujengwa ndani ya ufizi mpaka karibu miezi 9, na hutokeza kati ya miezi 16 na 22.

Sasa rudi kwa yule mtoto wa miezi mitano. Uvimbe uliopapaswa ni jino lake la chonge ambalo halijamaliza kujengwa. Ukilitoa utaona kitu laini, cheupe, chenye kuteleza, na kweli kinaweza kufanana na plastiki au funza. Watoto wote wanacho, wazima na wagonjwa. Ukimfungua kinywa mtoto wa jirani mwenye umri huohuo anayecheka na kunenepa, utakuta uvimbe uleule.

Kinachotolewa, na kinachobaki

Wanaotoa hutumia kisu, wembe, spoku ya baiskeli au kucha. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji anavuja damu, na damu ya mtoto mchanga ni kidogo sana mwilini. Kidonda kinaweza kuingiza pepopunda, au virusi vya UKIMWI kama kifaa kimetumika kwa mwingine. Wadudu wanaweza kuingia kwenye damu na kumuua mtoto ambaye kuhara kwenyewe kusingemuua.

Kuna jambo lingine ambalo akina mama wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Vichipukizi vya meno ya ukubwani navyo huanza kabla ya kuzaliwa. Cha gego la kwanza la ukubwani huonekana karibu katikati ya mimba, na cha jino la chonge la ukubwani hukaa nyuma ya lile la utoto, kwenye taya hilohilo. Spoku haichagui. Mtoto anaweza kufika miaka 12 akakosa jino hilo, au likaota limepinda na enameli yake ina mashimo.

Kwa nini basi watu huapa kwamba mtoto wao alipona? Kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa. Aliyetoa jino siku ya tatu anapata sifa ya siku ya tano. Na umri unachanganya: kati ya miezi 4 na 8 kinga aliyoipata kwa mama inapungua, anaanza kuonja uji, anaokota kila kitu na kutia kinywani, na hapohapo ufizi unavimba. Meno yanayokuja humfanya adondoshe mate na asumbue. Hayaleti kuhara wala homa kali.

Mambo haya hayako kwetu peke yetu. Tanzania yalianza kusikika sana miaka ya 1980. Uganda huyaita ebiino, na madaktari wa meno wa Ulaya na Marekani wameyakuta kwa watoto wa familia zilizohamia kutoka Afrika Mashariki.

Mtoto akiharisha

Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Changanya pakiti moja ya ORS na lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mpe kwa kijiko kidogo kidogo, na ubakishe hakuna baada ya saa 24: iliyobaki imwage. Zahanati watakupa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalize hata kama kuhara kumekoma. Usisubiri kesho ukiona macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, choo kina damu, amelegea, ana degedege, au amekataa kunyonya.

Ukiwa mjamzito

Meno ya mtoto yanajengwa kwa unachokula. Maziwa au mtindi, dagaa wa kuliwa na miiba yake, mlenda, majani ya kunde na karanga vinatosha kazi hiyo, na vingi vinapatikana hapahapa. Si kweli kwamba kila mimba inakula jino la mama. Ukikosa madini ya kalsiamu, mwili huyachukua kwenye mifupa yako, hauyatoi kwenye meno. Meno ya mjamzito huharibika kwa sababu fizi huvimba na kutoa damu kirahisi, na kwa sababu ya kutapika. Ukitapika sukutua kwa maji kwanza, piga mswaki baada ya nusu saa.

Wahi kliniki upimwe kaswende. Isipotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, na anayenusurika anaweza kuota meno ya ukubwani ya mbele yenye pengo la umbo la nusu mwezi. Usinunue dawa dukani bila kusema una mimba: tetrasaiklini, ukiitumia kuanzia mwezi wa nne, huingia kwenye meno yanayojengwa na kuyapa rangi ya njano au kahawia isiyotoka. Madoa yanayotokana na floraidi nyingi kwenye maji ya visima, kama upande wa Singida, ni mengine. Hayo hushika zaidi meno ya ukubwani, kutokana na maji anayokunywa mtoto miaka yake ya mwanzo.

Mara chache mtoto huzaliwa na jino limeshatokeza. Wazee walimwita kigego na kumwogopa. Kwa kawaida ni jino lake la mbele lililowahi tu. Muuguzi aliangalie kama limelegea sana, maana linaweza kumpalia.

Kama mwanao ameshatolewa meno, mlete leo hata kama anaonekana mzima, na kadi yake ya kliniki. Sema ukweli kwamba alitolewa, siku gani na kwa kifaa gani. Tutaangalia damu, usaha na kama anaweza kunyonya, tutahakiki chanjo zake, na tutajua la kumpa. Ukisema tu "ana homa", tutapima malaria na kidonda cha kinywani kitatupita.