Kulea vifaranga wakati wa kipupwe, Kendwa

Ni kazi ya kuwapatia joto vifaranga wasio na mama wa kuwafunika, miezi ya Juni hadi Agosti. Kendwa, kijiji cha pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, haina baridi kali: usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 22 hivi za Selisiasi. Kwa mtu ni raha. Kwa kifaranga wa siku moja, mwenye malaika tu mwilini, ni hatari kubwa. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha zipunguzwe kama 3 kila wiki mpaka aote manyoya.

Bruda, yaani kizimba cha kulelea vifaranga, hujengwa duara, kwa ubao mwembamba au maboksi, maana vifaranga wakiona baridi hurundikana penye kona na wa chini hukosa pumzi. Chini hutandazwa maranda makavu, na juu huning'inizwa taa ya umeme ya kutia joto. Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni vifaranga wenyewe: wakisongamana chini ya taa wakilia, joto halitoshi, wakijitenga pembeni, midomo wazi na mbawa zimelegea, limezidi, wakitawanyika wakila na kunywa, basi limekaa sawa.

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Ulikatika kwa wiki kadhaa mwaka 2008, kisha tena Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo kandili au jiko la mkaa lazima liwe tayari. Mkaa uwashwe nje mpaka moshi uishe, jiko lizungushiwe wavu, na juu paachwe upenyo, kwani hewa ya mkaa huua bila harufu. Upande wa kusini, unakotoka upepo wa kusi, huzibwa kwa magunia.