Yakuti ya Ng'ambo ya Ruvuma

Huku Msimbati neno lilifika kabla ya jiwe. Mtoto wa madrasa anayefikia Sura Rahman anazikuta yakuti na marijani zikitajwa pamoja. Marijani haihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia kando ya matumbawe. Yakuti ilibaki ya kusikia tu. Kito chekundu ambacho pwani ilikizoea kwa karne nyingi kilikuwa akiki ya Gujarat, iliyoshushwa majahazini pamoja na nguo.

Kiarabu huita yakuti jiwe jekundu na la samawati vilevile, nasi tukarithi. Wapo wanaouona huo kuwa uvivu wa lugha. Sivyo. Yote mawili ni korundamu, yaani oksidi ya alumini, na kati ya vito vya asili almasi peke yake ndiyo inayoishinda kwa ugumu. Kromiamu kidogo hulitia jiwe wekundu, nalo likawa rubi. Chuma na titani hulitia samawati. Al-Biruni, katika karne ya 11, alipima uzito wa vito kwa maji na kuitenga yakuti na mawe mengine mekundu. Ulaya ilichelewa sana: lile jiwe kubwa jekundu la taji la Uingereza, liitwalo rubi ya Mwanamfalme Mweusi, ni spineli.

Kwa muda mrefu masonara wa dunia waliamini kuwa rubi ya kweli hutoka Mogok, Burma. Walikuwa na sababu. Mawe ya Mogok yalizaliwa ndani ya marumaru, ambamo chuma ni haba, na kwa hiyo wekundu wake huwaka juani kama kaa la moto. Chuma kikizidi, mng'ao huo hufifia na jiwe huelekea weusi. Lakini baada ya muda jina la Burma lilianza kuuzwa lenyewe, na jiwe la Afrika likashushwa bei kabla halijatazamwa. Nasi mawe tulikuwa nayo. Longido ina rubi zilizonasa ndani ya zoisaiti ya kijani, nyingi zisizopitisha mwanga, zinazofaa zaidi kwa kuchonga vinyago. Winza, huko Mpwapwa, ilitoa mawe safi kuanzia mwishoni mwa 2007, na baadhi hayakuhitaji kuchomwa tanurini ili rangi itakate. Yote hayo yamo katika mkanda mmoja wa miamba ya kale unaoshuka kutoka Kenya, ukapita Tanzania na kuingia Msumbiji bila kujali mto.

Mpaka wa Ruvuma waliuchora Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Wamakonde wako pande zote mbili, kwa hiyo rubi zilipoonekana Montepuez mwaka 2009, zaidi ya kilomita 300 kusini mwetu, habari haikusubiri magazeti. Daraja la Umoja lilifunguliwa 2010, ila watu wa huku walipita njia yao ya siku zote, Kilambo. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Aliacha nyavu akaenda, kama alivyosema, "kwenye madini".

Ananisimulia kazi yenyewe zaidi ya taabu zake. Shimo huchimbwa hadi tabaka la changarawe, kisha changarawe husafishwa na kuchekechwa. Ganeti ndiyo mtego wa mgeni: nayo ni nyekundu, inapendeza, na bei yake ni ya kusikitisha. Kwanza alitazama rangi kwa mwanga wa jua, halafu akamulika kwa kurunzi kutafuta nyufa, maana jiwe lenye nyufa nyingi huishia kujazwa kioo chenye risasi na kuuzwa kwa asiyejua. Madalali walizungumza Kiswahili, Kimakua na Kireno cha kubahatisha. Wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka walitaja bei kwa vidole kwenye kikokotoo. "Mpwa wangu," aliniambia, "mwenye kikokotoo ndiye mwenye jiwe."

Mwaka 2011 kampuni ya Gemfields ilichukua asilimia 75 ya mgodi. Mnada wake wa kwanza wa rubi hizo, Singapore mwaka 2014, uliingiza dola milioni 33.5. Mapema 2017 wachimbaji wasio na vibali walifurushwa, Watanzania wakiwemo, na mjomba akarudi na begi moja na ile kurunzi. Oktoba mwaka huohuo vita vikaanza Mocímboa da Praia. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza madai ya kupigwa na kuuawa kwa watu kuzunguka mgodi, bila kukiri kuwajibika.

Juni 2023, Sotheby's ya New York iliuza Estrela de Fura, rubi ya Montepuez ya karati 55.22, kutoka mgodi wa kampuni nyingine, Fura. Ilinunuliwa kwa dola milioni 34.8 na kuivua rekodi Sunrise Ruby ya Burma. Hoja ya kwamba Afrika haina rubi ya daraja la juu iliishia ukumbini humo, miaka sita baada ya watu wetu kufukuzwa.

Nilimwonyesha mjomba picha kwenye simu, nikamsomea bei. Bei hakuisemea neno. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaigeuza simu kuelekea mwanga wa mlangoni kama vile jiwe lenyewe limo ndani yake.

"Limechomwa?"

Halijachomwa, nikamwambia, cheti kimeandika hivyo.

"Basi ni lile la tabaka la chini," akasema, na kunieleza walivyokuwa wakilifikia.