Uvimbe wa taya kwa watoto: Hatua za limfoma ya Burkitt na tiba yake

Uvimbe unaojitokeza ghafla kwenye taya la mtoto si jambo la kungojea. Aghalabu mzazi hudhani ni jino bovu, kumbe huenda ikawa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembechembe nyeupe za damu ambayo huweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2 tu. Wakati mwingine huanzia tumboni.

Ugonjwa huu ulipewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeueleza mwaka wa 1958 baada ya kuwachunguza watoto jijini Kampala, Uganda. Mnamo 1964, watafiti Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wamepata ndani ya uvimbe huo virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr. Virusi hivyo, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia ugonjwa huu kuonekana zaidi magharibi mwa Kenya na Pwani.

Madaktari hukata kipande cha uvimbe na kukichunguza kwa hadubini. Kisha hupiga picha za kifua na tumbo, na kupima uboho wa mifupa na maji ya uti wa mgongo.

Matokeo hugawanywa katika hatua 4. Katika ya kwanza, uvimbe uko mahali pamoja, nje ya kifua na tumbo. Katika ya pili, umefika sehemu zaidi lakini upande mmoja wa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, au uko kwenye utumbo na waweza kuondolewa wote. Katika ya tatu, umevuka kiwambo hicho, umeanzia kifuani au umeenea tumboni. Katika ya nne, umeingia kwenye uboho, ubongo au uti wa mgongo.

Tiba kuu ni dawa, wala si upasuaji. Miongoni mwazo ni siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, nazo huongezwa nguvu kulingana na hatua. Mtoto hupewa pia maji mengi, kwani uvimbe unapoyeyuka haraka mabaki yake huweza kudhuru figo.

Hatari nyingine huja uvimbe unapotoweka baada ya dozi za mwanzo, mzazi akaamini mwanawe amepona na kumrejesha nyumbani. Chembechembe zilizosalia hukua upya, na saratani iliyorudi ni ngumu mno kutibika.